Maji Katika Petroli ya Bwana Halford

Je, wewe ungeweza kumwambia mtu mwenye bastola kiunoni kwamba hajui kazi yake? Usijibu haraka. Kithaka wa Njoka alikutana na swali hilo asubuhi moja ya Julai, mwaka wa 1955, kwenye uwanja mdogo wa ndege huko Embu, na hakupewa hata muda wa kuvuta ugoro akafikiri.

Kithaka alikuwa mtu wa uwanja. Wakati wa vita vya Hitler alisukuma ndege za jeshi kule Eastleigh miaka minne, na fundi mmoja Kalasinga akamfundisha kazi ambayo wengi huidharau. Kufungua kamba za mbawa. Kuvua kifuniko cha kile kibomba kinachopima upepo, na kuchungulia kama nyigu hawajajenga ndani. Kumimina petroli kupitia kipande cha ngozi laini, ili uchafu na maji vibaki juu. Mwisho kabisa, kufungua koki chini ya tangi, kukinga petroli kidogo kwenye glasi na kuiinua mwangani. Kama kuna maji, yatakaa chini ya glasi, yameng'aa peke yake. Hapo Embu ndege ya polisi haikuruka mpaka Kithaka aseme, "Safi." Watu waliomwita boi walisimama wakimsubiri aseme neno hilo, na yeye alilisema polepole.

Huko Eastleigh alijifunza jambo lingine. Aliona marubani vijana wakivishwa kofia yenye ukingo mrefu, wasione nje hata kidogo ila saa zilizo mbele yao: ya kimo, ya mwendo, na ile inayoonyesha kama mbawa zimelala sawa. Walirushwa hivyo saa nyingi, mwalimu akiwa kando, kisha wakatahiniwa, kisha wakapigiwa muhuri katika kitabu chao cha urubani. Aliyekaa miezi sita bila mazoezi alirudishwa chini ya kofia. Kalasinga alimweleza sababu. Ndani ya wingu mwili hudanganya. Rubani anaona kabisa amekaa wima, kumbe anazama. "Makalio yanasema hivi, saa inasema vile," alisema yule fundi. "Anayeamini makalio tunamzika."

Bwana Halford, rubani wa ndege hiyo ya Embu, mtoto wa mlowezi aliyejiunga na polisi wa akiba, hakuwa na muhuri huo. Kitabu chake alikiacha kitini kila siku, na Kithaka, aliyesoma hadi darasa la nne, alikifungua alipokuwa akipangusa. Ukurasa wa vyombo ulikuwa mweupe kama siku kiliponunuliwa. Siku ya jua hilo halikuwa kosa. Kwa hiyo Kithaka akajiwekea sheria yake: kilima cha Kirimiri kisipoonekana, ndege isitoke. Kwa kawaida Halford alikubali, maana yeye pia aliogopa, ingawa alisema tu kwamba anangoja chai.

Asubuhi ile Kirimiri hakikuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashina ya migomba. Saa moja lori la serikali lilifika, akashuka Salesio, mkubwa wa homugadi, wale wenyeji waliobeba bunduki za serikali, akimvuta mtu mwenye pingu. Mtu huyo alikuwa Runji, mdogo wake Kithaka.

Miezi minane alikuwa katika kambi ya kizuizini. Sasa walikuwa wamempa karatasi ya kusoma. Chini ya bawa la ndege palifungwa kipaza sauti kikubwa, na Runji angezungushwa juu ya msitu akiwaita wenzake waliokuwa wakiipiga serikali vita watoke, wasalimu amri, serikali itawahurumia. Serikali hiyohiyo mwaka ule ilimnyonga mtu kwa kukutwa na risasi mbili mfukoni.

"Bwana," Kithaka alisema, "Kirimiri hakijaonekana."

"Mimi nakwenda juu ya mawingu," alijibu Halford. Alikuwa ameshapigiwa simu kutoka mjini, leo lazima.

"Na kushuka, bwana?"

Halford alimtazama. "Sasa wewe rubani?"

Salesio akacheka. "Mzee ameota mabawa. Tutamtafutia na malaika wa kuoa."

Kithaka akainama chini ya injini, akajifanya anakagua tairi, karibu na miguu ya ndugu yake. Walisemezana Kiembu.

"Mwana wa mama," Runji aliuliza, "hii kitu huanguka?"

"Leo inaweza."

"Basi na ianguke kabla sijafungua mdomo."

"Mama amezika wanne. Tumebaki wawili. Nyamaza."

"Wewe ndiye unayewajazia petroli," Runji alisema taratibu, "na unaniambia mimi ninyamaze."

Kithaka alikuwa na glasi mkononi, na ndoo ya maji ya kuoshea kioo karibu na gurudumu. Kwa miaka yote, kule Eastleigh na hapa, hakuwahi kusema uongo kwa glasi ile. Alichovya, akabakiza maji kiasi cha kidole, akajigeuza mgongo, akafungua koki. Petroli ikashuka juu ya maji. Akainuka.

"Maji, bwana."

Halford akaichukua glasi, akaiinamisha, akaona. Alijua sheria kama Kithaka: yakipatikana maji, tangi lote humwagwa na kuchujwa upya, kazi ya siku nzima.

"Jana nilisema ujaze tangi."

"Bwana ulisema petroli ya kesho iwekwe kesho."

Ilikuwa kweli. Tangi lililoachwa nusu tupu usiku wa baridi hutoa jasho ndani, na jasho hilo ndilo maji. Kibaya zaidi, Halford alikuwa ameshatia sahihi kwamba tangi limejaa. Shingo yake ikawa nyekundu. Akaimwaga ile glasi kwenye nyasi.

"Kesho," alisema. "Saa moja kamili."

Runji akarudishwa kwenye lori. Aligeuza uso asimwangalie kaka yake. Salesio alibaki nyuma kidogo, akaja karibu sana.

"Mkono wako umelowa hadi kwenye kifundo, mzee. Petroli hukauka upesi."

"Basi sema."

"Nikisema, wataniuliza mimi nilikuwa natazama wapi." Akarekebisha mkanda wa bunduki. "Kesho glasi nitaishika mwenyewe."

Mchana kutwa Kithaka alimwaga petroli safi, akaichuja kupitia ngozi, akairudisha. Hakuna tone la maji lililobaki juu ya ngozi. Kila debe lilipopita alizidi kuona aibu, na hakujua kama aibu hiyo ni ya kusema uongo, au ni ya miaka aliyotumia kuhakikisha ndege hizi haziangukii msitu ambamo watu wa kwao wamejificha. Alikuwa amenunua siku moja. Wingu likiondoka, ndugu yake ataishi. Zaidi ya hapo hakuthubutu kufikiri.

Kesho yake wingu lilikuwa limeondoka. Kirimiri kilisimama mti kwa mti, na nyuma yake mlima wenyewe, mweupe kileleni. Salesio aliikinga petroli, akaiinua, akasema "Safi" kwa sauti ambayo Kithaka hakuipenda. Ndege ikaruka.

Wanawake wa kijiji cha handaki, ambamo serikali iliwafungia watu kwa mtaro na miiba, walikuwa wameletwa kwa nguvu kupalilia kando ya uwanja, na Wambeti, mama yao, alikuwa miongoni mwao. Sauti ikaanguka kutoka juu, kubwa kuliko ya mtu, lakini ilikuwa ya Runji. Alisoma karatasi yote. Aliwataja watu wa msituni kwa majina na kwa mbari, koo za baba zao. Hakuna mwanamke aliyeinua kichwa. Majembe yaliendelea.

Ndege ilishuka vizuri, ikasimama. Runji akateremka akiwa mzima, akatapika, akajifuta kwa mikono yenye pingu. Njia ya kwenda kwenye lori ilipita hatua mbili kutoka kwa mama yake. Alisimama hapo, na Salesio, sijui kwa nini, akamwacha asimame.

"Mama," Runji alisema.

Wambeti alinyoosha mgongo, akamtazama usoni kwa muda wa kumtambua. Kisha akahamishia jembe upande wa pili, akamgeuzia kisogo, akaendelea kulima pale ambapo nyasi zilikuwa zimeshakwisha.