Chandarua cha Samaki

Kila asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, natoka uani na kanga yangu kwenda kuwaamkia perege. Wananijua. Nikiinama tu wanapanda juu midomo wazi, wanagombania pumba kama watoto kwenye sinia la pilau, nami nacheka peke yangu mpaka jirani anachungulia ukutani. Acha achungulie. Bwawa hili nimelichimba mwenyewe hapa Nguvumali, nikalisakafia, nikapanda yungiyungi kwenye makarai ya udongo, na lilipochanua ua la kwanza nilipiga vigelegele utadhani nimejifungua.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Pemba kukaa nasi. Mama yule ana ulimi! Na hakuwa akisema nami. Alinisema kupitia kwa mwanawe, nami nipo palepale namimina chai. Siku ya pili akasimama ukingoni mwa bwawa, akakiona chandarua nilichokitandaza juu ya maji ili yule ndege mdiria asinimalizie vifaranga vya samaki.

"Muulize mkeo," akamwambia mume wangu. "Samaki wamelala ndani ya chandarua, mie mamako nalala na mbu?"

Kweli tupu. Kilikuwa chandarua cha chumba cha wageni, na nilisahau kabisa kununua kingine. Nilikimbilia jikoni nikacheka nimejiziba mdomo kwa kanga.

Kicheko kilikatika jioni. Chandarua kipya nilishamfungia, lakini mama alikwishakata shauri: mbu wote wa Tanga wazaliwa uani kwetu, kwa hiyo bwawa lifukiwe Jumamosi, na perege wakaangwe. Mume wangu, ambaye hajawahi kumwambia mamake hapana, akampigia dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, alete mchanga. Nikamweleza kwamba perege ndio wanaokula viluwiluwi vya mbu. Akasema, "Mama ameshasema." Nampenda mume wangu, lakini wiki ile nilimtazama kama ninavyomtazama mdiria.

Ijumaa maji ya bomba yakakatika. Mimi huyalaza maji kwenye pipa kwanza, dawa ya bomba ipungue, ndipo niwaongezee samaki, na asubuhi ile nilikuwa nimeyamimina yote bwawani. Alasiri ikaadhiniwa, nyumba nzima haina hata tone. Mama mkwe akatikisa ndoo moja, akatikisa nyingine, akatazama bwawa. Akaniashiria kwa kidevu niondoe chandarua.

Akaketi ukingoni kutia udhu, akateka kwa kata, akaosha viganja, akasukutua, akaosha uso na mikono hadi viwikoni, akapaka maji kichwani na masikioni, ametulia kabisa. Kisha akatumbukiza mguu wa kulia. Perege wakauvamia, wakaanza kumdonoa magaga ya kisigino.

"Uwii! Yakhe, niacheni!" Akauchomoa mguu. Akaurudisha. "Ngapi hizi? Mbili au tatu?" Kila kiungo huoshwa mara tatu, na yeye hesabu imempotea. Akaanza upya tangu viganjani. Akafika mguuni, wakamdonoa tena, akapiga kicheko ambacho sikujua kama anacho, kanga ikamdondoka kichwani. Akaanza tena! Mimi nilishakaa chini kwenye mchanga, mbavu zinaniuma. Mume wangu akatoka mbio akidhani mtu katumbukia.

"Hata birika la msikiti wetu kule kwetu lilikuwa na samaki," mama akamwambia, akifuta machozi. "Wakila viluwiluwi."

Nikamtazama mume wangu. Akatazama yungiyungi.

Lakini hakuna aliyetamka kwamba bwawa limenusurika, na Jumamosi honi ikalia getini. Nilikuwa nimeshika ndoo ya kuwahamishia perege. Mama mkwe akanipita, kanga kichwani, mguu mmoja unachuruzika maji.

"Mchanga?" akamwambia dereva. "Hapa? Umekosea nyumba, baba."

Dereva akatoa simu, akapiga. Ikaita nyuma yetu, mfukoni mwa mume wangu. Akamtazama mamake, akaizima.

Kirikuu ikarudi kinyumenyume. Mama mkwe akafunga geti, akageuka, akampita mwanawe bila kumtazama, akaja hadi niliposimama na ndoo yangu.

"Mwanangu," akaniambia mimi, "hawa wameshakula?"

Nikampa kopo la pumba.