Niliagwa Kwenda Brazil, Nikashukia Stechford

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nilitaka kumlaumu mwenzangu wa kizungu, nikataka kulaumu joto la kiangazi kile, hata kasuku nilitaka kumlaumu. Lakini mdomo uliodanganya ulikuwa wangu, na miguu iliyonishusha kwenye treni ilikuwa yangu.

Jina langu nalificha. Wakenya wa Birmingham wakisoma haya watanijua tu, maana hakuna mwingine aliyefanya ujinga wa namna hii. Wewe usiyenijua, kaa karibu nikueleze.

Nilikuwa mwanafunzi wa unesi, katikati ya miaka hii ya sabini. Katika bweni la manesi, wasichana wa kizungu walikuwa na ugonjwa wa kusafiri na mabegi ya mgongoni. Huyu katoka Morocco, yule anakwenda India, na kila mmoja akirudi ana bangili za shaba na kuhara. Mimi nilitoka mbali kuliko wote, lakini hakuna aliyeniona msafiri. Niliwauma sikio siku moja kwenye meza ya chai kwamba nitakwenda Brazil. Nilisema kwa mzaha. Mwenzangu Pauline, aliyekuwa akisoma Kireno masomo ya jioni, akashika mkono wangu akasema, twende wote.

Basi nikavimba. Miezi mitano mfululizo nilikuwa Brazil kabla ya kufika Brazil. Kwenye ushirika wetu wa Jumapili, nyumbani kwa Mama Wanjiru kule Great Barr, kila aliyeniuliza habari nilimjibu kwa Brazil. Mtu akisema mvua imenyesha, mimi namwambia mvua ya Amazon ndiyo mvua.

Mama Wanjiru ni sista wa wodi, yaani nesi mkuu, mwenyeji wa Nakuru, na ndiye mama yangu katika nchi hii. Nilipofika Birmingham na koti jepesi la aibu, yeye ndiye aliyenivalisha lake. Siku nilipomwonyesha lile shanta langu jipya la safari, aliligeuza pande zote mbili.

"Hili linabebwa mgongoni?"

"Ndiyo, Mama. Ndivyo wanavyosafiri siku hizi."

"Mimi nilisoma kwa taa ya mafuta, nikavuka bahari, ili mgongo wangu upumzike kubeba kuni. Wewe umepata kazi nzuri, unaurudishia mzigo. Haya. Mungu ni wa wote."

Siku mbili kabla ya Jumapili ya kuagwa, Pauline alibisha mlango wangu akiwa analia na kucheka pamoja. Mchumba wake, muuza mazulia mmoja, alikuwa amemvisha pete na hakutaka aende. Safari imekufa. Kwenda peke yangu sikuthubutu. Kireno changu chote kilikuwa asante na habari za asubuhi. Tulirudisha tikiti siku ileile.

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Ningesema Jumapili, tungecheka, ningekula chapati nikarudi zamu. Na niliapa kwamba nitasema.

Nilipofika Great Barr, nilikuta sebule imejaa. Walikuwa wamepika pilau. Waliniketisha katikati na shanta langu miguuni, wakaniwekea mikono kichwani, wakaomba kwa Kiswahili, Kikuyu, Kiluo na Kiingereza. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa, nakwambia, neno "ndugu zangu" lilishatoka. Mama Wanjiru akanitangulia.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu mtoto anakwenda kwa watu asiowajua. Nami kuanzia kesho nitafunga, sitakula mpaka jua lizame, kila siku, mpaka nipate telegramu kwamba amefika salama."

Watu wakasema amina. Mimi nami nikasema amina. Ile amina inaniwasha mpaka leo.

Sasa nielewe vizuri. Kufunga kwa namna hiyo alikulia nako. Kwetu jua lina adabu. Saa kumi na mbili jioni limezama, mtu anapata uji wake. Lakini kiangazi cha Birmingham jua linang'ang'ania angani mpaka saa tatu na nusu usiku, na kiangazi kile ndicho kilichokausha nyasi za nchi nzima zikawa kahawia. Mwanamke amesimama wodini tangu asubuhi, ana vidonda vya tumbo vya siku nyingi, anangoja jua la Uingereza lizame kama la Nakuru. Hayo niliyajua, na bado nilinyamaza.

Jumatatu asubuhi walinisindikiza mpaka stesheni ya New Street. Waliimba pale penye geti hadi Waingereza wakakunja magazeti yao kutazama. Mama Wanjiru alinifungia kamba ya shanta kifuani, akanipapasa shavu. Nikapanda treni, wao wakidhani ni ya London. Ilikuwa treni ndogo ya vitongoji. Nilipunga mkono dirishani mpaka wakapotea, kisha baada ya kama dakika kumi nikashuka Stechford.

Bibi yake Pauline alikuwa na nyumba pale, na bibi huyo alikuwa amekwenda Wales kwa dada yake. Pauline alinipa ufunguo kwa sharti la kumlisha kasuku. Mpango wangu ulikuwa kujificha wiki tatu zote za likizo, kisha nitoke kama aliyerudi safari. Kuhusu ngozi sikuwa na wasiwasi. Wazungu wakitoka Uhispania wanatakiwa wawe wekundu ndipo waaminike. Mimi ningerudi vilevile nilivyokwenda, na nani angeuliza?

Hizo ndizo siku zangu za kwanza za Brazil. Mapazia yamefungwa, joto limejaa ndani, na mimi na nguo ya ndani mbele ya beseni la maji baridi. Kiumbe pekee wa porini niliyemwona ni yule kasuku mdogo wa kijani, na baadaye niliambiwa hata yeye asili yake ni Australia.

Jumanne nilijifunga kitambaa, nikavaa miwani nyeusi ya bibi, nikaenda maktaba. Nilichukua kitabu kimoja kikuukuu cha Brazil chenye picha, na jioni ile nikaanza kuandika daftari la safari, ili niwasomee nikirudi. Ninalo mpaka leo. Kwa siku ya kwanza niliandika: "Nimeshuka Rio. Watu ni wakarimu mno. Mama mmoja amenikaribisha nyumbani kwake, amenipikia maharage meusi, amesema nina mwili mwembamba." Nilikuwa nakula maharage ya kopo.

Kwa siku ya pili niliandika: "Leo nimepanda basi kwenda Bahia. Huko kuna wanawake weusi kama sisi, wamevaa nguo nyeupe, wanauza njiani vitumbua vya kunde. Mmoja amenishika shavu." Jumatano niliandika siku ya tatu: nimerudi Rio, na yule mama amenipa koti lake. Koti, Brazil, katika joto lile! Nilipolisoma tena daftari ndipo nilipoona kwamba sikuwa najua kubuni kabisa. Mama niliyekuwa nikimwandika alikuwa Mama Wanjiru, nimemhamisha nchi tu.

Sikulala vizuri. Mchana nilitazama jua kwenye nyufa za pazia na kumhesabia yeye saa. Telegramu ya Brazil ningeipeleka vipi kutoka Stechford? Nilijifariji kwamba atachoka, ataacha. Nilimjua, na nilijua kwamba haachi.

Alhamisi mkate uliisha, na mbegu za kasuku pia. Nilitoka na kikapu, nikanunua vyote viwili, kisha joto likanishinda nikapanda basi linalopita Alum Rock. Nikapanda juu, nikakaa nyuma, miwani usoni. Kondakta akaja. Nikatazama kilemba, nikatazama ndevu, nikainamia kikapu changu.

Alikuwa Mohinder, Kalasinga wa Nakuru, jirani wa zamani wa Mama Wanjiru. Wiki iliyotangulia, ndani ya basi la njia nyingine, alinipa pakiti ya chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vya pilipili, ya kula njiani Brazil.

"Dada," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote wa juu, "hii basi napita Alum Rock. Hapana enda Brazil."

Nilijaribu kutazama nje. Akainama, sauti ikashuka.

"Sikiliza. Mama yetu iko mgonjwa. Jana nakuwa wodini, kizunguzungu nashika yeye, wanarudisha yeye nyumbani. Tumbo. Mimi nasema, Mama, kunywa chai bas. Yeye nasema jua bado."

Akanikatia tikiti, akaenda zake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilishuka Alum Rock, nikasimama mbele ya duka la sari na kikapu changu. Usidhani nilikimbia moja kwa moja kwenda kutubu. Nilipanga kwanza. Nitasema ndege iliharibika. Nitasema nilifika nikaugua nikarudishwa. Nitapiga simu kutoka kibanda kile nikikwaruza sauti iwe ya mbali. Niliingia kibandani, ndugu yangu, nikashika simu. Kisha nikaona kwamba hata uongo wangu ukifaulu, atakula kwa sababu ya uongo. Nikaitua simu. Nikapanda basi la mjini, nikabadili la Great Barr.

Alifungua mlango mwenyewe, ameshika ukuta. Uso ulikuwa umeingia ndani. Alinitazama mimi, akatazama kikapu: mkate, na pakiti ya mbegu yenye picha ya ndege.

"Karibu. Hizo ndizo zawadi za Brazil?"

Nikakificha kikapu nyuma yangu.

"Umefika salama?"

"Nimefika, Mama."

"Umefika kutoka wapi?"

Magari ya barabara kuu yalikuwa yakivuma kule nyuma ya nyumba. Bado hata saa kumi jioni haijafika, jua liko juu kabisa. Nilijua nikisema neno hilo sitakuwa tena yule msichana waliyemwimbia stesheni.

"Stechford," nikasema. "Sikwenda popote. Nimekuwa Stechford tangu Jumatatu."

Akavuta pumzi, akaketi kwenye kiti cha karibu. "Kuna uji jikoni. Niletee kikombe."

"Jua halijazama, Mama."

"Lete uji."

Nikauleta. Akanywa taratibu, macho amefumba. Alipomaliza nusu ndipo aliponiambia.

"Mohinder alikuona Jumanne unatoka maktaba ya Stechford. Alinipigia simu jioni hiyohiyo."

Nilidhani sikusikia. "Jumanne? Ulijua tangu Jumanne? Basi kwa nini uliendelea kufunga?"

"Jumatatu nilifungia Brazil," akasema. "Kuanzia Jumanne nilikuwa nafungia Stechford. Brazil ndege zinakwenda. Kutoka Stechford mpaka hapa, wewe peke yako ndiye ungejileta."

Nililia mpaka shingo ikalowa. Yeye akamalizia uji wake, akaniambia nisimwage mbegu za kasuku kwenye zulia.

Jumapili hakunihurumia. Alisema walioniombea hadharani wana haki ya kusikia hadharani. Nilisimama katikati ya sebule ile, na alinitaka nivae shanta mgongoni. Nilikiri. Kisha akataka nisome daftari. Nilisoma siku ya kwanza wakanyamaza, nilisoma ya pili mmoja akaanza kukohoa, nilipofika kwenye koti sebule nzima ikalala chini kwa kicheko. Mama Wanjiru alicheka ameshika tumbo kwa mikono miwili, na sikujua kama ni kicheko au ni maumivu. Tangu siku hiyo jina langu ni Brazil. Hata Mohinder ananiita hivyo nikipanda basi lake.

Kwa kicheko hicho unaweza kudhani nilisamehewa bure. Sivyo. Wiki iliyofuata Mama Wanjiru alilazwa, vidonda vilikuwa vimetoa damu. Akapona, namshukuru Mungu, lakini daktari akamkataza kufunga maisha yake yote. Wewe labda huoni uzito wake. Yeye alifunga walipozaliwa watoto wake, alifunga baba yake alipokuwa kizuizini, alifunga nilipofanya mtihani wangu wa kwanza. Ndiyo kazi aliyoijua ya kuwapenda watu wake. Mfungo wa mwisho wa maisha yake ameutumia kwangu, nami nilikuwa umbali wa mabasi mawili, nakula maharage ya kopo. Hilo sijui namna ya kulilipa.

Ni miaka mitatu sasa. Brazil sijakwenda, na shanta nahifadhia viazi. Wewe unayesoma, ambaye umejisifu mpaka watu wamekuombea na safari imevunjika, nakusihi, sema pale pale. Sema pilau ikiwa bado jikoni. Watakucheka siku moja utapumzika. Usipande treni.

Siku hizi hata nikienda Coventry tu, Mama Wanjiru hupakua chakula chake na kukiacha mezani. Ukimuuliza atasema hafungi, daktari amekataza, chakula ni cha moto anangoja kipoe. Nami nikishuka tu natafuta kibanda cha simu kabla hata ya kutafuta choo. Namwambia, "Mama, nimefika."

Naye huniuliza, kila mara, "Wapi?"