Mama Ukutani Bila Viatu

Dada yangu mdogo alimchora mama bila kumwomba ruhusa, na kibaya zaidi, alimchora vizuri. Kila mtu alimtambua. Mama mmoja wa kanisani alipita kule Milimani, akaingia kwenye ile nyumba ya zamani ya mzungu ambamo siku hizi hutundikwa picha za wasanii wa hapa Nakuru, akaikuta ile picha ukutani, akaipiga kwa simu. Kufikia Jumapili kanisa letu zima la mtaa wa Free Area lilikuwa limemwona mama yetu akikata mboga za sukuma wiki, kitambaa kimetoboka kichwani, miguu tupu.

"Mwambie dada yako mimi nina viatu," mama aliniambia. Dada alikuwa ameketi hapo hapo, kwenye kochi moja na yeye.

Nikamwambia. Dada akasema nimwambie mama ile ni sanaa. Mama akasema nimuulize kama sanaa ilishindwa kufungua kabati. Tukaishi hivyo, mimi katikati kama waya wa simu, na nina kazi yangu na watoto wangu. Jioni dada anakuja kwangu Kiamunyi kulia. Hiyo ndiyo picha yake ya kwanza kutundikwa mahali popote, na mama hamsemeshi.

"Mwambie nitaitoa," akasema.

Nikapeleka ujumbe. "Asiitoe, watu watasema nimekasirika," akasema mama, ambaye alikuwa amekasirika kabisa. "Nipeleke huko."

Jumamosi alivaa suti yake ya rangi ya maziwa, kofia, na viatu vyeusi vya kisigino nilivyomnunulia harusi yangu ilipofika. Nyumba yenyewe ni ya mawe, na sakafu yake ya mbao hulia ukikanyaga. Picha ilikuwa sebuleni, juu ya mahali pa kuotea moto, pale mwenye nyumba labda alitundika picha ya farasi wake. Mama aliitazama. Akaomba kiti, akakiweka chini ya picha, akakaa.

Kila aliyeingia alipokewa. "Karibu. Huyo ni mimi. Siku binti yangu aliponichora nilikuwa nyumbani tu. Viatu ninavyo." Kisha ananyoosha mguu kama ushahidi. Watu walitazama picha, wakatazama suti, wakatabasamu kwa adabu. Hakuna aliyemwamini. Kijana mmoja, akidhani yeye ni mtunza nyumba, akamuuliza, "Mathe, choo iko wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada alisimama mlangoni, uso umemnyauka, akingoja siku iishe.

Alasiri viatu vikaanza kumuuma mama. Alijikaza, akahangaika, mwishowe akavivua polepole na kuvisukuma chini ya kiti, akidhani hatuoni.

Ndipo akaingia mama mwingine wa umri wake, ametoka Lanet na mjukuu wake. Alitazama picha kwa makini, akateremsha macho hadi kwenye miguu ya mama. Mama yetu ana kidole kikubwa cha mguu kilichopinda kuelekea wenzake. Dada alikuwa amekichora jinsi kilivyo.

"Ngai! Kumbe ni wewe!" yule mama akasema. "Hata kidole!"

"Ni mimi," akasema mama, akijaribu kurudisha miguu chini ya kiti.

Yule mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Una bahati. Mimi watoto wangu hawajawahi kuniangalia hivi."

Mgeni alipohamia chumba kingine, mama aligeuza kiti na kuitazama picha tena, safari hii bila haraka. Mimi nilijifanya nasoma maandishi ya ukutani. Nilikuwa nimeshayasoma asubuhi.

Saa ya kufunga ilipofika aliinuka, akainama akaokota viatu vyake, akatembea miguu tupu juu ya zile mbao hadi mlangoni. Akamnyooshea dada vile viatu.

"Nishikie," akasema. "Na usivikwaruze, ni vya harusi."

Mimi nilikuwa tayari nimefungua mdomo ili nipeleke ujumbe.