Vitabu Kumi na Tisa vya Mama Vitufe

Saa mbili na robo asubuhi, ukumbi wa kusubiri wa kliniki ya macho umeshajaa. Viti vya plastiki vimepangwa safu sita. Katika safu ya tatu, kiti cha pembeni, amekaa mwanamke mwenye miwani ya fremu nyeusi. Haumwi, wala hajamleta mgonjwa. Mapajani ana daftari, na mkononi ana simu ya kampuni.

Anamgeukia bibi mmoja aliyekumbatia mkoba wake.

“Shikamoo mama. Naomba nikusumbue dakika mbili tu.”

“Marahaba mwanangu. Sumbua, tuna kazi gani hapa zaidi ya kungoja?”

Anampa ile simu na kumwomba achague siku ya kurudi kliniki. Kisha macho yake yanafuata kidole gumba cha yule bibi. Kidole kinatua juu ya jina la mwezi. Hakuna kinachofunguka. Kinabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango.

“Imekataa,” anasema bibi, akimrudishia simu. “Mimi na hivi vitu hatuelewani. Tafuta mtu aliyesoma.”

“Hapana mama. Hukukosea wewe. Nimekosea mimi.”

Bibi anacheka, akidhani anataniwa. Lakini mwanamke huyu ameshainamia daftari, anaandika. Hiyo ndiyo kazi yake: kupanga vitufe, yaani mahali pa kubonyeza, maneno ya kuandikwa hapo na rangi zake, kwenye programu ambazo kliniki huwapa wagonjwa wapangie miadi kwa simu.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka tisa alikuwa karani wa dirisha la mapokezi hospitalini, kisha akasoma kozi fupi ya jioni na kuajiriwa na kampuni inayotengeneza programu hizo. Ofisini wako kumi na wanne, na kazi hii anaifanya yeye peke yake. Wenzake wamempachika jina la Mama Vitufe.

“Mwanzoni lilikuwa la utani,” anasema. “Siku hizi hata kwenye orodha ya chai wanaandika hivyo hivyo.”

Anaishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Mumewe alifariki miaka mitano iliyopita na hawakujaliwa mtoto. Mezani kuna kiti kimoja. Cha pili amekigeuza rafu, na juu yake pana vitabu kumi na vinne vyenye vipande vya karatasi vilivyochomoza kila upande.

Kabla ya vitabu hivyo, kulikuwa na kitufe kimoja.

Miaka miwili na nusu iliyopita, kampuni yake ilitengeneza programu ya kliniki ya macho. Mgonjwa hupokea ujumbe wa siku yake, akaufungua na kukuta vitufe viwili: Thibitisha na Ahirisha. Kliniki ilitaka wasioweza kuja waseme mapema, nafasi zao wapewe wengine. Mkuu wake wa kazi akaagiza kitufe cha Ahirisha kionekane vizuri.

“Nikakitia kijani kilichokolea. Thibitisha nikakitia kijivu hafifu juu ya weupe, kisishindane na mwenzake. Ilipendeza kweli. Tulipigiana makofi.”

Miongoni mwa wagonjwa wa kliniki hiyo alikuwemo baba yake mzazi, fundi cherehani mstaafu mwenye presha ya macho, aliyeishi peke yake mwendo wa saa tano kwa basi kutoka mji aliko binti yake na kliniki yenyewe. Alitakiwa kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Binti alipopiga simu kila Jumapili, jibu lilikuwa lile lile: “Sijambo, mama. Naendelea vizuri.”

Baada ya miezi tisa akapata likizo, akaenda kumwona. Alimkuta barazani akitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Jicho la kushoto lilikuwa halioni tena.

Aliomba kuiona simu ya baba. Mara tatu aliitwa kliniki, na mara tatu aliahirisha.

“Baba, mbona umeahirisha?”

“Nimeahirisha nini? Kila wakiniita naitikia. Naona kijani, nabonyeza. Kijani si ndiyo?”

Kitufe cha pili hakukiona kamwe. Kwa macho yake, kijivu kile kilimezwa na weupe. Maandishi nayo, pamoja na siku aliyopangiwa, yalikuwa madogo, hakuweza kuyasoma. Kila alipobonyeza, ukurasa ulimwambia “Asante”, naye akakaa akingoja kutajiwa siku.

“Na kwa nini hukuniambia kwamba hawakutajii siku?”

“Ningekuambiaje? Mtaa mzima nimewatangazia kwamba hii ni kazi ya binti yangu. Nikadhani ubovu ni wangu mimi.”

Mama Vitufe anasimulia hayo huku akivua miwani na kuifuta, ingawa ni safi. “Aliona aibu kwa kosa langu,” anasema. “Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.”

Aliporudi kazini aliomba kitufe kibadilishwe. Mkuu wake akamuuliza, kati ya watu elfu sita wanaotumia programu hiyo, wamelalamika wangapi. Hakuna. Basi, akaambiwa, tusitafute balaa.

Alijua kuna kitu hakiko sawa, lakini hakuwa na maneno ya kukielezea. Akaenda maktaba ya umma. Mkutubi, mwanamume mpole anayeongea kwa kunong’ona hata akiwa barabarani, alimtafutia na kumchapishia orodha ya vitabu kumi na tisa vinavyopendekezwa kwa wanaojifunza kazi ya kusanifu vitu vitumiwe na watu bila kuteseka. Vyote vilikuwa vya lugha ya kigeni. Maktaba ilikuwa na vinne. Vingine amekuwa akivinunua kimoja kimoja, na kimoja humlia mshahara wa siku nne.

Kitabu cha kwanza kilimchukua wiki kumi na moja, kamusi ikiwa pembeni. Humo ndimo alimokuta jambo lililomfanya aweke kitabu chini na kuzunguka chumba: mtu anayeshindwa kutumia kitu mara nyingi halalamiki, kwa sababu anajilaumu mwenyewe. Usimuulize, mtazame.

Ndipo alipoanza kwenda kliniki kila Ijumaa, kwa siku zake za likizo. Katika Ijumaa sita aliwatazama watu arobaini. Ishirini na watatu walibonyeza kitufe ambacho hawakukikusudia.

Alipompelekea mkuu wake daftari, hakumwomba alisome. Alimwomba aje akae naye saa moja. Mkuu akaja, akakaa safu ya tatu, akamtazama mwalimu mstaafu akikosea mara nne mfululizo na kila mara akiiambia simu, “Samahani.” Mkuu aliinuka, akarudi ofisini. Wiki iliyofuata kitufe kilibadilishwa.

“Hakunipongeza, na sikutaka,” anasema. “Jicho la baba halikurudi.”

Lakini baba alitaka kujua vitabu hivyo vinasema nini. Kila Jumapili saa nne asubuhi, binti alimpigia na kumsimulia sura aliyoisoma, kwa Kiswahili cha kawaida. Mzee alisikiliza kama anayesikiliza mpira redioni, akikatiza kila baada ya dakika.

“Ngoja kwanza,” alisema siku moja. “Kwa hiyo wamegundua kwamba umpime mteja kabla ya kukata kitambaa. Hilo ndilo limewachukua vitabu kumi na tisa?”

Binti alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Anasema hajacheka hivyo tena.

Mzee alifariki miezi minane iliyopita, usingizini. Jumapili ya kwanza baada ya maziko, saa nne ilipofika, Mama Vitufe alikuwa amemaliza kusoma sura mpya na hakuwa na wa kumsimulia. Akaiandika. Akafungua ukurasa mtandaoni, akaiweka humo. Amefanya hivyo kila Jumapili, kwa wiki thelathini na nne sasa.

Ukurasa huo umekuwa mwongozo wa usomaji kwa kazi hii, ulioandikwa kwa ukali na upole wa mtu aliyeteseka na vitabu hivyo. Kuhusu kitabu cha rangi na macho yaliyochoka ameandika: “Anza na hiki, hata kama una haraka.” Kingine: “Kisome ukiwa umelala vya kutosha, la sivyo mtagombana.” Na kimoja kinene, cha bei kubwa kuliko vyote: “Majigambo matupu. Azima, soma sura ya nne, rudisha.”

Wasomaji wake ni kumi na mmoja. “Na mmoja ni mimi,” anasema. “Nafungua kuangalia kama kuna mtu.”

Kwa miezi saba hakuna msomaji aliyemwandikia. Ofisini, akianza kuzungumzia alichosoma, wenzake hukumbuka simu za kupiga. Jumapili jioni husikia majirani wakicheka upande wa pili wa ukuta, naye huwasha redio kwa sauti ndogo, nyumba isikae kimya.

Mwezi uliopita ulikuja ujumbe. Uliandikwa na mwanamke anayesanifu skrini za mita za umeme katika mji mwingine.

“Nimesoma mapendekezo yako yote kwa siku mbili,” aliandika. “Hapa kazini niko peke yangu. Nilidhani ni mimi tu.”

Mama Vitufe aliusoma akiwa amesimama jikoni. Hakujibu siku ile. Anasema aliogopa jibu lake lingekuwa refu mno.

Baadaye wakajitokeza wengine wawili: karani wa benki anayejifunza kazi hii kwa siri, na fundi wa mashine za tiketi. Sasa anataka kuunda kikundi cha usomaji, sura moja kila mwezi, na hatimaye kuchapa mapendekezo yake kama kijitabu cha Kiswahili ili anayeanza asipoteze wiki kumi na moja kwenye kitabu kimoja.

Kikao cha kwanza ni Jumamosi hii, maktaba. Mkutubi amemtengea meza ya watu sita karibu na dirisha. Hadi anazungumza na mwandishi wa makala haya, aliyethibitisha kuja ni mmoja tu, yule wa mita za umeme, na basi lake lilikuwa bado halijajulikana litaondoka saa ngapi.

Je, kama hakuna mwingine?

Mama Vitufe anafunga daftari lake.

“Akija huyo mmoja,” anasema, “tutakuwa wawili.”