Mtoto Asiyeinamisha Kichwa

Mzee Kisioki alipiga simu Alhamisi jioni, na kama kawaida yake hakupoteza maneno. Jumamosi angekuja mjini, Sombetini, kumchukua mjukuu wake.

"Mwandaeni," alimwambia mwanawe Yoeli. "Akija Nduruma atanyooka." Akakata.

Yoeli, fundi wa kuchomelea mageti kule Sakina, alimpa mkewe habari hiyo miwani ya kazi ikiwa bado kwenye paji la uso. Nosim hakuinua macho. Aliendelea kusukuma kishikio cha mashine yake ya kufumia masweta ya shule, huku na huku, huku na huku. Chini ya meza ya mashine binti yao Irine, mwenye miaka saba, alikuwa amelala chali, gunia zito la nyuzi juu ya kifua, akisikiliza. Hapo ndipo pake. Maneno yake hayazidi ishirini, lakini mashine ikinyamaza utamsikia mpaka mtaa wa pili.

"Umesikia?" Yoeli akauliza.

"Nimesikia. Wewe umemjibu nini?"

"Ningemjibu nini, Mama Irine? Ni baba."

Kisa kilianzia Pasaka. Kwa Waarusha mtoto hamsalimii mkubwa kwa mdomo tu. Humwendea, akainamisha kichwa, na mkubwa akamwekea kiganja utosini. Hiyo ni salamu na ni baraka. Pasaka hiyo, kijijini Nduruma, mbele ya wazee waliotoka ibadani na kukaa kungoja nyama, Mzee Kisioki alimwekea Irine kiganja. Mtoto alipiga ukelele uliotawanya kuku wa ua mzima, kisha akakigeukia kile kiganja akakiuma mpaka damu ikatoka.

"Mtoto asiyeinamisha kichwa amelelewa na nani?" mzee mmoja aliuliza, na macho yote yakamhamia Nosim, utadhani ndiye aliyeuma.

Aliporudi mjini aliapa kumfundisha. Kila asubuhi, kabla ya uji, alimshika binti yake kisogoni na kumwinamisha. Mara tano. Mara kumi. Irine alirusha mateke, akajigonga ukutani, uji akaumwaga. Nosim alilia, lakini hakuacha, kwa sababu alitaka mwanawe apate baraka kama watoto wa wenzake. Usiku mtoto hakulala, na mama hakulala. Jirani mmoja alisema karogwa. Mwingine alisema ni jini. Wa tatu alimkumbusha Nosim kwamba alipokuwa mjamzito alikula mayai. Majibu yalikuwa tele mtaani, ila hakutokea hata mmoja wa kumshikia mtoto nusu saa ili mama aoge. Ndivyo tulivyo! Ndimi za kupima kosa la mama hazituishi, lakini mikono ya kumpokea mzigo tunaificha mifukoni. Na nani alituambia kwamba adabu ya mtoto inakaa kisogoni?

Aliyemvuta kutoka huko alikuwa Zuleha, muuza vitumbua aliyekuja kuchukua sweta la mwanawe Luqman. Alimkuta Nosim akisinzia juu ya mashine, na Irine akipiga kelele chini yake.

"Mwanangu alikuwa hivi hivi," Zuleha alisema, akaketi bila kukaribishwa. "Nimezunguka kwa waganga mpaka nawajua na majina ya wajukuu zao. Jumatano unakuja na mimi."

"Wapi?"

"Kanisani."

"Wewe, Zuleha? Kanisani?"

"Mimi uwanja ule naufahamu kuliko nyie Walutheri. Nyie mnakuja Jumapili tu."

Nyuma ya kanisa hilo, katika chumba cha shule ya Jumapili, muuguzi wa afya ya akili aitwaye Tabea alikutana na wazazi kila Jumatano. Nosim alikwenda na Irine, akiwa amejiandaa kushtakiwa. Alijua maswali yatakayokuja: mtoto anakula nini, nani kamlea, kwa nini umechelewa kumleta.

Sista Tabea alimtazama, akauliza, "Mama Irine, wewe unalala saa ngapi?"

Kwa miaka saba watu walikuwa wameuliza habari za mtoto. Habari zake yeye hakuna aliyeziuliza. Nosim alilia pale kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, na Zuleha akamshika begani bila neno. Zuleha kukosa neno si jambo dogo.

Baadaye, Irine akiwa amejibana kwenye pembe ya chumba na mkeka amejifunika, Tabea aliuliza siku yao inaanzaje. Nosim alieleza yale mafunzo ya asubuhi, na alieleza kwa fahari kidogo, ili ionekane kwamba hakumwachia mtoto adeke. Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Wewe ni mfumaji. Umewahi kuvaa sweta la nyuzi mbaya, zile zinazowasha, ukawa huwezi kulivua?"

"Mara nyingi."

"Mguso wa ghafla, Irine anausikia hivyo, na zaidi ya hivyo. Hana kiburi. Ana usonji. Ubongo wake unaipokea dunia kwa namna yake. Hakurogwa, na wewe hukumharibu."

Nosim alimgeukia Irine. "Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa namuumiza?"

"Ulikuwa unamtafutia baraka. Mlango uliopitia ndio haukuwa wake. Tutautafuta mwingine. Usimwendee, mngoje aje. Uzito anaouchagua mwenyewe unamtuliza. Si ndiyo sababu lile gunia ulilonieleza analiweka kifuani?"

Asubuhi iliyofuata Nosim alimwekea Irine uji, akakaa mbali, amempa mgongo. Mtoto alikitazama kisogo cha mama yake, akatazama mlango, akanywa. Wiki ya pili akalala mpaka adhana ya alfajiri. Yoeli aliyaona haya yote, akafurahi, ila hakuthubutu kuyapeleka Nduruma. Utamwambiaje mzee kwamba mkono wake wa baraka unaumiza?

Na sasa mzee alikuwa anakuja.

Alifika Jumamosi saa nne asubuhi kwa bodaboda, fimbo mkononi, mfuko wa maharage, na shuka jipya jekundu. "Hili la kumfunika njiani," alisema. "Yuko wapi?"

Nosim alisimamisha mashine. Papo hapo Irine akaanza kupiga kelele kule chini, na mzee akainama, kiganja kimekwisha kunyooka.

"Baba, naomba usimguse kichwa."

Yoeli aliganda. Mke wa mwana hamzuii mkwe mkono, tena ndani ya nyumba ya mwanawe. Mzee Kisioki alijiinua polepole.

"Unasema nini?"

Nosim alimfikiria Irine akiwa kule Nduruma, kila mpita njia akimkamata kisogo, na yeye mama hayupo. "Baba, nisamehe. Yule ng'ombe wako wa madoa, Yoeli ameniambia hakubali kuguswa ubavu wa kulia."

"Ng'ombe ameingiaje hapa?"

"Unamkamuaje?"

"Kushoto. Na huji kwa nyuma, unasimama mbele akuone kwanza."

"Kwa nini hukumchinja?"

"Nimchinje!" Mzee alitoa macho. "Anajaza ndoo yule! Hana ubaya, ndivyo alivyozaliwa. Mjinga ndiye anapigwa teke."

Mzee alikitazama kiganja chake, penye kovu dogo la meno. Yoeli alikohoa, akageuza uso ukutani.

"Kumbe mjinga ni mimi," mzee akasema.

"Hapana, Baba! Sikusema—"

"Umesema. Washa mashine yako."

Nosim akaishika tena. Huku na huku, huku na huku. Kelele zikapungua, zikaisha. Mzee alivuta kigoda, akakaa mbele ya meza mahali anapoonekana, akalaza fimbo yake sakafuni, kichwa chake cha kirungu kikielekea gizani chini ya meza. Hakuita. Mtu aliyengoja ng'ombe kuzaa usiku kucha anajua kungoja. Sweta lilifumwa mpaka kwenye kwapa. Ndipo mkono mdogo ulipotoka, ukakipapasa kirungu, ukakivuta. Irine alijitokeza akitambaa, akakishika kwa mikono miwili na kukikandamiza utosini mwake kwa nguvu, macho kayafumba.

Mzee alishika ncha ya pili. Midomo yake ilitikisika, akatamka kwa Kimaasai, lugha ya Waarusha, maneno yale yale ya baraka aliyokatizwa Pasaka, mpaka mwisho.

Kisha alitoa simu, akampigia mdogo wake Yiamat kule Nduruma, kwa sauti inayosikika Nduruma hata bila simu. "Waambie wote hapo nyumbani! Mjukuu wangu hashikwi kichwa. Atakayemshika nitamtoza kondoo. Ndiyo, hata wewe! ... Hapana, haji. Yuko kwa mama yake, aje huko kufanya nini?"

Yoeli alikwenda jikoni kuchemsha chai, na huko alikaa zaidi kuliko chai inavyohitaji. Aliporudi, macho mekundu, alisimama mlangoni akashtuka. Mashine ilikuwa imenyamaza, na Irine hakuwa akipiga kelele. Alikuwa amelala chali miguuni pa babu, gunia la nyuzi kifuani, shuka jipya juu ya gunia. Na Nosim alikuwa amelala usingizi, shavu juu ya sweta ambalo halijaisha, mdomo wazi, mbele ya baba mkwe wake.

"Mama Irine!" Yoeli alinong'ona, akaenda kumtikisa.

Fimbo ilimzuia kifuani.

"Kaa chini," mzee alisema. "Mwache alale. Nimiminie hiyo chai."