Asteria Hana Maringo

Wanaosema Asteria ana maringo wanikome. Mimi ni jirani yake hapa Kahama, ukuta kwa ukuta, na kilichompata nakijua.

Mwaka juzi alianguka na bodaboda kwenye barabara ya Buzwagi, akajigonga kichwa. Alipopona, macho yalikuwa mazima ila sura za watu zimempotea. Anaona pua, anaona mdomo, hajui ni vya nani. Daktari alimweleza mbele yangu na mbele ya mumewe, Mabula: ubongo una sehemu inayoshika sura na sehemu inayoshika sauti, nazo hupeana habari, ndiyo maana mtu akikupigia simu sura yake inakujia. Kwa Asteria, ya sura imeumia. Ya sauti ni nzima. Tamka neno moja tu, atakutaja jina.

Sasa huku kwetu mke ndiye anayetangulia kumsalimia mama mkwe, tena kwa kupiga goti. Basi Mbuke, mama yake Mabula, akipita sokoni kimya akingoja shikamoo yake, wanapishana kama wasiojuana. Akaenda kushtaki kwa ndugu: mke huyu ananidharau, arudishwe kwao Ushirombo.

Jumapili wakaita kikao. Nilikuwepo, ingawa jirani hana kauli kwenye kikao cha ukoo, na hadi leo damu inanichemka. Wanawake wazee, Mbuke kati yao, waliketishwa mkekani, wakaambiwa wafunge midomo, ati wapime kama kweli Asteria hutambua watu kwa sauti tu. Baba mdogo wa Mabula akamwambia Asteria, "Msalimie mama mkwe wako."

"Shikamooni, mama zangu."

Hakuna aliyeitikia. Watu wazima, na mvi zao, wanacheza mchezo wa watoto. Asteria akawatazama mmoja mmoja, kisha akapiga goti mbele ya shangazi yake Mabula. Wakaangua kicheko.

"Si mnamwona?" Mbuke akasema.

Pale pale Asteria akamgeukia. "Shikamoo, mama."

Hata hilo halikuwafungua macho. Baba mdogo akaamua: arudi kwao. Na Mabula, aliyemsikia daktari kwa masikio yake mwenyewe, alikuwa ameketi karibu na mama yake muda wote. Angesema tu, "Mama, itikia," mambo yangeisha. Alikuwa anachezea simu.

Asteria akainuka, akatoka. Nikamfuata. Tulipofika barabarani Mabula akaja mbio nyuma yetu. "Asteria, subiri kwanza, tuongee."

Akasimama, akamtazama usoni. Tangu aumie, sijawahi kumwona akikosea sauti ya mtu.

"Samahani, baba," akasema kwa adabu zote. "Wewe ni nani?"