Beseni Kwenye Mstari

Kosa langu la kwanza, lile lililozaa mengine mengi, lilikuwa kuamini kwamba beseni safi ndilo hujazwa.

Hata leo, jirani akisugua sufuria kwa mchanga, ule mkwaruzo hunishika kwenye meno, na mara narudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, miaka ya vita, mwaloni pale mitumbwi inapofikia alfajiri. Maji baridi yananifika magotini, harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, wakiwa wabichi imejaa hewani, nami nasugua. Beseni lilikuwa jeupe, la bati, lenye maua mekundu. Mama alipewa siku ya ndoa yake. Nilisugua ndani, nikasugua nje, nikasugua na kitako ambacho hakuna mtu angekiangalia. Niwaambieni ukweli, nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi za milimani, basi nikawa najifundisha kuandika kwa kijiti kwenye mchanga uliolowa, na herufi moja ikipinda nilifuta mstari wote.

Baba yangu alikuwa mtu wa taa. Wavuvi wa kwetu hufunga mitumbwi miwili pamoja, hushusha wavu katikati, halafu huwasha karabai ili ndagala waufuate mwanga. Baba ndiye aliyezijaza mafuta, akazipiga pampu, akazilinda na upepo. "Taa haina shemeji," alizoea kusema, maana yake ikitaka kuchoma haiulizi wewe ni nani. Vita vilipofunga njia, mafuta ya taa yakaadimika, na patroni, mwenye mitumbwi, akaleta dumu lenye harufu ngeni. Baba alinusa akasema yamechanganywa na esansi, petroli ya pikipiki. Patroni akasema hayo ndiyo yamepatikana, na samaki hawangoji. Usiku ule, mbele ya rasi ya Ubwari, karabai ikalipuka mikononi mwa baba.

Alirudishwa amelazwa juu ya wavu. Alikuwa ameungua mikono yote miwili na kifua. Dispansari ilikuwa imeporwa, hata vitanda havikuwepo, kwa hiyo mama akawa muuguzi: maji ya chumvi, vitambaa alivyochana kutoka kitenge chake kizuri, na tawi la kufukuzia nzi mchana kutwa.

Kwetu mvuvi hakulipwa noti. Patroni alitoa kwanza fungu lake na la mafuta, kisha mabeseni yakapangwa kwenye mstari mchangani, beseni moja kwa kila mvuvi. Mtu akapita na kopo: kopo moja hapa, kopo moja pale, anafika mwisho na kurudi mwanzo, mpaka samaki wanaisha. Beseni lako ndilo lilikuwa nafasi yako. Likitoka kwenye mstari, kesho lingine linakaa hapo, na wewe huna kazi tena.

"Peleka beseni," mama aliniambia asubuhi ya kwanza. "Weka palepale pa siku zote."

Nikaliweka. Kopo likaliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nikajiambia tatizo ni uchafu. Lilikuwa na masizi upande mmoja. Kesho yake nikaamka mapema nikasugua. Kopo likaruka tena. Basi nikasugua zaidi, nikajifunza kusalimia kwa kuinama, nikaacha hata kukohoa karibu na patroni. Salumu, mvuvi kijana aliyevuta wavu pamoja na baba, alinipa jina. "Madame Beseni amefika!" alipiga kelele. "We mutoto, unasugua sawa vile unaenda kuoa! Utatoboa, uone ziwa upande wa pili!" Wote wakacheka. Mimi nikatazama maua mekundu, na ni kweli, yalikuwa yameanza kutoka.

Nyumbani tulikula sombe, majani ya muhogo, bila kitu ndani yake, na baadaye maji ya sombe. Mdogo wangu Furaha aliacha kulia njaa akawa anauliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama samaki wamehama. Baba, midomo ikiwa imekauka, alisema, "Mama Asukulu, acha. Watatufukuza kabisa." Mama akanipa beseni.

Halafu siku moja patroni aliniona. Mitumbwi ilikuwa ndiyo inashusha, kupima kulikuwa hakujaanza. Alisimama mbele ya beseni langu, akaona uso wake ndani. "Huyu mutoto wa nani? Iko na adabu sana," akasema. Akainama, akachota ndagala kwa mkono wake, akamwaga. "Kamata ya mboga. Salimia papa yako."

Nilikimbia, jamani! Nyumba yetu ilikuwa nyuma tu ya mwalo, lakini nilikimbia kama niliyebeba mtoto mchanga. Usafi umeshinda! Adabu imeshinda! Furaha akatia mkono ndani kabla sijalitua.

Mama aliwatazama samaki wale. "Alipima na nini?"

"Na mukono."

"Kopo haikuwa pale?"

"Ilikuwa, mama. Lakini alinisifu."

Akamshika Furaha mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja, akarudisha ndagala aliowashika. Furaha akalia, na huo ndio mlio ninaousikia mpaka sasa kuliko risasi zote. Mama akamwita jirani akae na baba, akajifunga kitenge upya. "Beba. Tunarudisha."

Nilimsihi njia nzima. Nilimwambia atamkasirisha, nilimwambia watu watatucheka, nilimwambia angalau nipite nikalioshe kwanza. Hapo alisimama. "Asukulu, usilisugue tena. Hatuendi kuomba."

Kopo lilikuwa likipita mzunguko wa kwanza. Mama alinisukuma mbele, nikamwaga samaki juu ya lundo, kisha nikaliweka beseni mahali pake.

"Mama, miye nilimupa mutoto zawadi," patroni akasema.

"Aksanti. Zawadi imerudi. Sasa pima fungu ya bwana yangu."

"Bwana yako haingie ziwani."

"Ameingia. Ametoka na moto. Ule moto ulikuwa unaitia samaki ya nani?"

Patroni akanyoosha mikono kama mtu asiye na hatia. Nadhani aliamini kweli alichosema. "Mama, si miye nimemuchoma. Ni vita. Miye pia vita imeniumiza."

Maneno hayo yalifunga kila mdomo siku zile. Nyumba imeungua, ni vita. Mtoto hakutibiwa, ni vita. Mama hakupaza sauti. "Vita haikununua mafuta," akasema. "Vita haikuambiwa lile dumu ni mubaya, ikasema samaki habangoji."

Salumu, Salumu wa Madame Beseni, akapindua beseni lake, ndagala wake wakarudi kwenye lundo, akakaa juu ya beseni. "Kama vita ndiyo patroni," akasema, "basi tungoje vita ikuje itupimie."

Mtu mmoja akacheka. Kisha beseni la pili likapinduliwa, na la tatu, mpaka mstari wote ukawa ni wanaume waliokaa juu ya mabeseni kama kuku juu ya mayai, wakitazama ziwa. La kwetu tu lilibaki limetazama juu.

Jua likapanda. Ndagala hawana subira na jua. Ngozi inapoteza mng'ao wake wa fedha, matumbo yanafunguka. Bamama waliokuja kununua wakaanza kumgeukia patroni. "Papa, pima! Unataka tuuze uji?" Alizunguka lundo, akaondoka, akarudi. Mwishowe akachukua kopo yeye mwenyewe, akalijaza, akalifuta juu kwa kiganja kama ilivyo desturi, akamwaga ndani ya beseni letu. Wavuvi wakayageuza ya kwao, kopo likazunguka upya. La kwetu halikufurika. Lilipata sawasawa na mengine.

Beseni likakaa kwenye mstari mpaka baba aliporudi kazini. Vidole vyake havikukunjika tena kushika pampu, wakampa kazi ya kuyatazama maji na kupiga kelele wavu uinuliwe. Kelele alikuwa nazo.

Nilichelewa sana kuelewa mama alirudisha nini siku ile. Mimi niliona chakula. Yeye aliona kwamba mkono unaotoa kwa sifa unaweza kesho kutosifu, na kopo halisifu mtu. Na kwamba baba hakuwa ameacha kazi: alikuwa kazini bado, kwenye mkeka wetu, akifanya ile sehemu ya kazi, kuuguza majeraha yake, ambayo hakuna mwingine aliyeitaka.

Bado nasugua vitu. Ukurasa huu nimeufuta na kuuandika upya kuliko ninavyothubutu kukiri. Lakini beseni lile liko kwangu, lina ua moja na nusu, lina masizi, na sijaligusa kwa mchanga tena. Na nikienda kudai kilicho changu, siinami.